Maswali ya Wasomaji: Kuomba Saa za Kompyuta Kuu za Utafiti

Katika toleo lililopita nilieleza, kwa mistari michache tu, kwamba mtafiti aliyeko katika taasisi ya Marekani anaweza kupata bila malipo muda wa kutumia kompyuta kuu za pamoja ambazo hugharamiwa na Shirika la Taifa la Sayansi la nchi hiyo, NSF. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba mistari ile haikutosha. Kwa hiyo leo safu nzima nimeitenga kwa jambo hili moja, na barua tano nilizozichagua ni zile ambazo maswali yake yaliletwa na wengi.

Kwa ambaye hakusoma toleo lile: utaratibu tunaouzungumzia unaitwa ACCESS. Ulianza tarehe 1 Septemba 2022, ukishika nafasi ya XSEDE uliokuwapo tangu mwaka 2011, ambao nao ulikuwa umerithi kazi ya TeraGrid. Mashine zenyewe haziko mahali pamoja. Expanse iko San Diego, Anvil iko Chuo Kikuu cha Purdue, Bridges-2 iko Pittsburgh, Delta iko Chuo Kikuu cha Illinois, Jetstream2 inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Indiana, na zipo nyingine. Mwombaji hupita mlango mmoja, kisha huchagua mashine inayoifaa kazi yake.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu katika chuo kimoja hapa Ohio, nyumbani ni Morogoro. Ninatengeneza modeli ya mafuriko ya bonde la Kilombero, na kompyuta ya maabara yetu huchukua wiki tatu kumaliza kazi moja. Msimamizi wangu ameniambia niombe mwenyewe muda ACCESS, lakini nina wasiwasi kwamba mwanafunzi, tena asiye raia wa hapa, hatasikilizwa. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Wasiwasi huo uweke kando, kwa sababu kinachotazamwa ni taasisi uliyomo na si pasipoti uliyonayo. Mtafiti mkuu wa mradi anatakiwa awe mtafiti au mwalimu katika taasisi iliyoko Marekani, na wewe umo ndani ya taasisi kama hiyo. Mwanafunzi wa shahada za juu anaruhusiwa kuongoza mradi katika ngazi ya kwanza, kwa sharti kwamba msimamizi wake aandike barua kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, akithibitisha kuwa kazi hiyo inafanywa hasa na mwanafunzi mwenyewe na kwamba ni tofauti na tafiti nyingine za msimamizi ambazo tayari zina ufadhili. Mwombe msimamizi wako barua hiyo kabla hujafungua fomu, maana nimeona maombi yakilala mwezi mzima yakisubiri barua ya aya mbili.

Ngazi ziko nne. Ya kwanza inaitwa Explore, ambayo ukomo wake ni krediti 400,000 (krediti ni kipimo cha mgao, nitakieleza hapa chini), na huombwa kwa maelezo mafupi ya mradi pamoja na wasifu wa mwombaji. Ya pili ni Discover, hadi krediti 1,500,000, kwa andiko la ukurasa mmoja. Ya tatu ni Accelerate, hadi krediti 3,000,000, kwa andiko la kurasa tatu ambalo hupitiwa na jopo. Ngazi hizi tatu hupokea maombi wakati wowote wa mwaka. Ya nne, Maximize, ni ya wale ambao hata hizo haziwatoshi. Andiko lake ni refu zaidi na hupokelewa mara mbili tu kwa mwaka. Wewe anzia Explore. Hata ningekuwa mhadhiri mwenye miaka ishirini kazini, kama mradi ni mpya na modeli sijawahi kuiendesha kwenye mashine kubwa, ningeanzia hapo hapo, kwa sababu ngazi hii imewekwa kwa ajili ya kujaribu na kupima, na mradi ukikua unaweza kuupandisha ngazi.

Katika maelezo yako mafupi, sema kwanza swali la kisayansi unalotaka kulijibu, kwa mfano namna mafuriko yatakavyosambaa bondeni endapo mvua za miezi fulani zitaongezeka. Kisha taja programu unayoitumia, ukubwa wa eneo na idadi ya nukta za gridi, idadi ya majaribio unayokusudia kuyaendesha, na aina ya mashine unayoihitaji. Sentensi saba au nane zilizonyooka zinatosha. Usijaze historia ya mafuriko yote ya Tanzania, ingawa najua inakugusa, kwa sababu anayesoma anataka kujua utafanya nini na mashine.

Kuna jambo moja ambalo huwakwamisha wengi hata baada ya kukubaliwa. Krediti si saa za mashine. Ni mfano wa fedha za kigeni mkononi: huwezi kununulia kitu mpaka uzibadilishe. Mradi ukishakubaliwa, unaingia tena kwenye tovuti, unachagua mashine, unaomba sehemu ya krediti zako zibadilishwe kuwa muda wa mashine hiyo, na wenye mashine wanaidhinisha. Yupo mwanafunzi niliyemsaidia ambaye alipokea barua pepe ya kukubaliwa mwezi wa Februari, akasubiri hadi Aprili afunguliwe akaunti, asijue kwamba kilichokuwa kikisubiriwa ni yeye mwenyewe kuomba ubadilishaji.

Kwako Mwalimu. Nimemaliza uzamivu na sasa ni mtafiti katika chuo kimoja hapa Texas. Ninachunguza mwendo wa protini tatu za kimelea cha malaria kwa kutumia programu ya GROMACS. Fomu nimeijaza mara tatu na kuifuta mara tatu, kwa sababu sijui niombe krediti ngapi. Wenzangu wananiambia niombe kiwango cha juu kabisa ili wakipunguza nibaki na cha kutosha. Unasemaje?

Dada yangu, wenzako wanakupa ushauri wa sokoni, na hapa si sokoni. Saa unayoiomba bila kuihitaji ni saa iliyoondolewa kwa mtu mwingine, kwa kuwa mashine hizi zina idadi isiyobadilika ya nodi, yaani kompyuta moja moja zinazoiunda mashine kubwa, na mwaka una saa 8,760 tu. Mpitiaji wa maombi anajua hivyo, na tarakimu isiyo na maelezo huiona mara moja.

Nasema hivi kwa uchungu wa kujua. Maombi yangu ya kwanza, miaka mingi iliyopita katika kituo kimoja, yalikuwa na kurasa nzuri juu ya umuhimu wa utafiti, na mwisho wake niliweka tarakimu moja kubwa bila kuonyesha ilikotoka. Nilipewa theluthi yake, pamoja na maelezo ya mpitiaji kwamba mwombaji hakuonyesha kipimo chochote. Alikuwa na haki kabisa. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla hajapitisha futi mwilini mwa mteja, nami nilikuwa nimekata kwa kukisia.

Basi tupime. Tuseme umepata nafasi ndogo ya majaribio kwenye mashine ambayo kila nodi yake ina viini 128 vya kichakato, kama ilivyo Anvil au Expanse. Chukua protini yako moja, ikiwa na maji yake na chumvi zake kama itakavyokuwa katika kazi halisi, uiendeshe kwa dakika 20 kwenye nodi moja, kisha kwenye nodi mbili, kisha nne. Majaribio hayo matatu kwa pamoja hayafiki saa 300 za kiini, yaani saa za kazi ya kiini kimoja kimoja zikijumlishwa. Mwishoni mwa faili la kumbukumbu GROMACS yenyewe hukuandikia kasi, yaani nanosekunde ngapi za mwendo wa protini inazikokotoa kwa siku moja.

Tuseme umepata nanosekunde 40 kwa siku kwenye nodi moja, 70 kwenye nodi mbili, na 96 kwenye nodi nne. Ukitazama kwa haraka utafurahi kwamba nodi nne zina kasi kubwa kuliko zote. Lakini tazama tena: nodi mbili zilipaswa kukupa 80, zimekupa 70, yaani ufanisi wa asilimia 87.5, na nodi nne zilipaswa kukupa 160, zimekupa 96, yaani asilimia 60. Kinachopotea ni muda ambao viini vinasubiriana na kupashana habari badala ya kukokotoa.

Sasa hitaji lako. Protini tatu, kila moja ikirudiwa mara tano ili matokeo yasitegemee bahati ya mwendo mmoja, kila mwendo ukiwa wa nanosekunde 500: jumla ni nanosekunde 7,500. Kwa nodi moja yenye kasi ya 40 kwa siku, hizo ni siku 187.5 za nodi, na ukizidisha kwa saa 24 na viini 128 unapata saa za kiini 576,000. Kwa nodi mbili unapata karibu 658,000. Kwa nodi nne unapata 960,000. Utafiti ni uleule na nanosekunde ni zilezile, lakini anayetumia nodi nne amelipa karibu mara moja na theluthi mbili ya yule aliyetumia nodi moja.

Utaniuliza kama utasubiri siku 187. Hapana, na hili ndilo jambo ambalo ningependa ulikazie macho. Miendo yako 15 haitegemeani, hivyo huna sababu ya kuiendesha mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja upewe nodi yake, na foleni ikikupa nodi 15 kwa wakati mmoja, yote itamalizika katika siku 12 na nusu za ukokotoaji. Vituo vingi havikubali kazi moja ishikilie nodi zaidi ya siku mbili, kwa hiyo kila mwendo utaukata vipande saba, kila kipande kikianza pale ambapo faili la kuendelezea la kipande kilichotangulia liliishia. GROMACS huandika faili hilo yenyewe. Wewe kazi yako ni kuandika hati ya foleni, yaani maagizo unayoipa mashine ya kuendesha kazi yako, inayolisoma.

Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya kazi zitakazokatika, kuandaa mifumo na kuchambua matokeo, na uieleze hivyo hivyo bila kuificha. Unafika 662,400. Tukikadiria kwamba saa moja ya kiini ni kama krediti moja, tarakimu hiyo inapita ukomo wa Explore na inaingia vizuri ndani ya Discover. Kabla ya kuituma, ipitishe kwenye kikokotoo cha ubadilishaji kilichoko kwenye tovuti ya ACCESS, kwa sababu krediti moja hainunui kiasi kilekile katika kila mashine.

Pima pia kwenye kadi ya GPU, yaani kichakato kinachofanya hesabu nyingi sana kwa wakati mmoja, maana GROMACS huzitumia vizuri sana. Saa moja ya kadi hugharimu krediti nyingi kuliko saa moja ya kiini, na hilo huwatisha watu wakakimbia kabla ya kugawanya. Linganisha krediti kwa kila nanosekunde, si krediti kwa saa. Huenda kadi moja ikakufanyia kazi ya nodi nzima kwa gharama ndogo, au huenda isiwe hivyo kwa mfumo wa ukubwa wako, utajua ukipima.

Katika ukurasa wako mmoja, hesabu hii ichukue angalau theluthi ya nafasi. Jedwali dogo la mistari mitatu, lenye idadi ya nodi, kasi na ufanisi, lina uzito mbele ya mpitiaji kuliko aya yoyote ya kusifu mradi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mhadhiri wa chuo kimoja Dar es Salaam. Ninatumia modeli ya hali ya hewa ya WRF kuchunguza mvua za vuli na masika katika pwani yetu. Yote unayoyaeleza yanahusu walioko Marekani. Sisi tulioko huku tumeachwa nje, au ipo njia?

Mhadhiri mwenzangu, swali lako ni la haki, na ninalijibu bila kulipaka rangi. Kama mtafiti mkuu huwezi kuomba ACCESS ukiwa Dar es Salaam. Unaweza hata hivyo kuongezwa kama mtumiaji katika mradi wa mwenzako aliyeko taasisi ya Marekani, ukapata akaunti yako na kuingia kwenye mashine ukiwa ofisini kwako. Hiyo ni njia halali na inatumika. Sharti ni kwamba ushirikiano uwe wa kweli: swali la utafiti mmelitunga pamoja, na jina lako limo kwenye andiko tangu mwanzo.

Njia iliyo karibu zaidi kijiografia ni Afrika Kusini. Kituo cha CHPC kilichoko Cape Town, chini ya baraza la utafiti la CSIR, kilizindua mwaka 2016 mashine inayoitwa Lengau, neno la Kitswana lenye maana ya duma. Ina viini zaidi ya 32,000, kila nodi ya kawaida ikiwa na viini 24, na uwezo wake wa juu ni kama hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde. Utaratibu wao pia hujengwa juu ya mtafiti mkuu, ambaye ni mfanyakazi wa kudumu wa taasisi na si mwanafunzi. Yeye ndiye anayesajili programu ya utafiti, kuiombea mgao na kuwaingiza watumiaji wengine. Ukimpata mshirika katika chuo cha huko anayeshughulikia hali ya hewa, mlango unafunguka kwa wepesi zaidi.

Kituo hicho kimefanya jingine linaloihusu Tanzania moja kwa moja. Kompyuta kuu iliyoitwa Ranger, iliyofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kuanzia 2008 hadi 2013, ilipostaafishwa haikutupwa yote. Sehemu ya makabati yake ilisafirishwa hadi Afrika Kusini, na kutoka hapo ikagawiwa vyuo vya Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi zilizotengewa. CHPC imeendelea na kazi hiyo ya kugawa mashine zilizotumika na kuwafunza wanaozitunza. Nodi iliyotumika huenda isitoshe kwa modeli ya mwaka mzima, lakini inatosha kabisa kwa vipimo vile nilivyovieleza kwenye barua iliyotangulia, na mtu anayekwenda kwa mshirika wake akiwa na vipimo mkononi haendi kama mwombaji wa hisani.

Zipo pia kompyuta za Wizara ya Nishati ya Marekani zinazotolewa kupitia mpango wa INCITE, ambao hauzuii mtafiti wa nchi nyingine kuomba. Nakutajia ili usisome mahali pengine ukadhani nimekuficha. Lakini mpango huo ni wa kazi zinazoweza kutumia sehemu kubwa ya mashine kama Frontier kwa mkupuo mmoja, na kwa modeli ya mvua ya pwani yetu peke yake sikushauri upoteze miezi ukiandika.

Nikiwa bado kwako, neno moja la WRF. Modeli hii huigawa ramani vipande, kila kiini kikapewa kipande chake. Ramani ya nukta 300 kwa 300 ina nukta 90,000. Ukiigawa kwa viini 128 kila kimoja kinapata nukta 700 hivi, ambazo ni kazi ya kutosha. Ukiigawa kwa viini 1,024 kila kimoja kinabaki na nukta 88, pungufu ya mraba wa 10 kwa 10, na hapo viini vinatumia muda mwingi kuulizana habari za mipakani kuliko kukokotoa mvua. Tena, ukitaka kushuka kutoka kilomita 10 hadi 5 kati ya nukta na nukta, usizidishe gharama kwa mbili. Nukta zinakuwa mara nne, hatua ya muda inapaswa kupungua kwa nusu, hivyo gharama inafika mara nane. Nimesoma maandiko ya watu makini yaliyokosea hapo, na mgao wao ukawaishia kabla masika ya modeli hayajafika Aprili.

Mwalimu, hujambo? Ninatoka Kisumu na ni mhadhiri msaidizi hapa Minnesota. Ombi letu la Accelerate limerudi likiwa na maswali ya wapitiaji, na mwenzangu mmoja anasema kosa ni Kiingereza chetu. Je, wanatazama lugha?

Sijambo, ndugu yangu. Ulinitumia andiko pamoja na maswali ya wapitiaji, nami nimeyasoma yote mawili mara mbili. Lugha yenu haina tatizo. Mpitiaji wa kwanza anauliza kwa nini mmechagua nodi zenye kumbukumbu kubwa ilhali programu yenu, kwa maelezo yenu wenyewe, inahitaji gigabaiti 60. Nodi ya kawaida ya gigabaiti 256 ingetosha. Wa pili anauliza ni nani kati yenu aliyewahi kuiendesha programu hiyo kwa usambamba, yaani kwenye viini vingi kwa pamoja. Hayo ni maswali mawili ya kweli, na majibu yake mnayo: la kwanza mbadilishe mashine, la pili mtaje kwa sentensi mbili kazi ambayo mwanafunzi wenu aliifanya kwenye kompyuta ya chuo mwaka jana.

Ninachokiona mimi, na ambacho wapitiaji hawakukisema, ni mgawanyo wa nafasi. Katika kurasa tatu, mbili zimetumika kutetea sayansi. Mmeeleza humohumo kwamba utafiti tayari una ruzuku, maana yake jopo jingine limeshaamua kwamba sayansi yenu inafaa. Wanaopitia maombi ya muda wa mashine wanataka hasa kujua kama njia ya ukokotoaji inalingana na swali, kama mashine inalingana na njia, na kama kiasi kinalingana na kazi. Ipunguzeni sayansi iwe nusu ukurasa, na kurasa mbili na nusu zilizobaki zipewe mambo hayo matatu.

Kuhusu Kiingereza, andika sentensi fupi, kila moja ibebe jambo moja. Wapitiaji hutoka fani tofauti, na anayesoma kazi yako ya udongo huenda ni mtu wa nyota. Neno la fani yako lieleze mara moja pale linapotokea, kisha endelea. Msomeeni mtu asiye wa fani yenu kwa sauti. Pale anapokusimamisha ndipo na mpitiaji atakaposimama.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi, nimepewa muda kwenye mashine moja tangu mwaka jana. Niliporudi kutoka likizo ya Mombasa nimekuta faili zangu zote za eneo la kazi hazipo, na kituo kinasema haziwezi kurudishwa. Je, ninaweza kuomba saa zaidi ili nirudie?

Pole sana, mwanangu. Hilo linauma, hasa ukikumbuka usiku uliokesha ukizisubiri. Eneo lile la kazi limewekwa kwa ajili ya faili za kupita, nalo husafishwa kwa ratiba: mahali pengine baada ya siku 30, pengine baada ya 90. Halina nakala rudufu, kwa hiyo kituo kinakuambia kweli.

Kuomba saa za ziada unaruhusiwa, lakini eleza wazi kilichotokea na eleza utakachobadilisha, kisha omba za kurudia sehemu unayoihitaji kwa makala yako na si kila kitu. Angalia kwanza kama hati zako za kuanzishia kazi na faili za awali zimebaki kwenye saraka yako ya nyumbani, ambayo kwa kawaida haisafishwi. Kama zipo, umepoteza saa lakini hukupoteza utafiti.

Tangu sasa, kila kazi inapomalizika, ichambue hukohuko kwenye mashine, upunguze faili kubwa zibaki zile za matokeo, kisha uzihamishe kwa rsync, programu ya kunakili faili, ambayo mtandao ukikatika katikati inaweza kuendelea bila kuanza upya faili zilizokwisha kufika. Fanya hivyo kwenye nodi iliyotengwa kwa ajili ya kuhamisha data, si kwenye nodi ya kuingilia ambayo watu wote huishiriki. Na kabla hujaandika ombi lolote, mwandikie leo mtu wa dawati la msaada la kituo chako, umuulize tarehe ya usafishaji ujao, kwa sababu kazi ulizozituma wiki iliyopita huenda nazo zimo kwenye eneo lilelile.